Milu 18 walitosha China. Mbona bongo karibu 100 hawatoshi Kenya?

Msomaji wetu wa Nyeri ameuliza hivi: “Nimesoma kwamba milu, yule ayala wa China, aliangamia kabisa kwao, wakabaki wanyama 18 tu huko Uingereza, na leo wako maelfu. Bongo wetu wa milimani, wale jamaa wakubwa wa kulungu, wanasemekana hawafiki 100, lakini hata hao ni wengi kuliko 18. Kwa nini basi wataalamu wanalalamika kila siku kuhusu bongo? Na hao milu, mbona hawakudhoofika kwa kuzaana ndugu kwa ndugu?”

Hesabu yako haina kosa. Tatizo ni kwamba 18 na 100 hapa si namba za kitu kimoja. Wale 18 walikuwa kundi moja ndani ya shamba moja lenye ulinzi, bila chui, bila mitego ya waya, wakiongezewa majani makavu wakati wa baridi. Bongo wasiofika 100 wamegawanyika katika misitu minne, yaani Aberdare, Mlima Kenya, Mau na Eburu, na kati ya misitu hiyo kuna mashamba, barabara na miji ambayo bongo hawezi kuikatiza. Kwa mtu wa uzazi wa wanyama, hao si 100. Ni vikundi vinne vidogo. Ila nianze na milu mwenyewe, kwa sababu kisa chake huwa kinasimuliwa nusunusu.

Ayala ni familia yake peke yake, mbali na swala, paa na kulungu wa kwetu, ambao pamoja na bongo ni wa ukoo wa ng'ombe. Ukitaka kuwatofautisha, tazama kichwani. Pembe ya bongo ni mfupa uliovikwa ala ngumu ya kitu kile kile kinachotengeneza ukucha. Haidondoki, hukua naye maisha yake yote. Pembe ya ayala ni mfupa mtupu wenye matawi, unaomea na kudondoka kila mwaka. Inapomea hufunikwa na ngozi yenye vinyweleo laini, imejaa mishipa ya damu na ya fahamu. Homoni ya kiume ikipanda, mfupa hukomaa na kufa, ngozi hukauka, na dume huisugua kwenye vichaka hadi itoke. Homoni ikishuka, mfupa huachia kwenye shina lake na kuanguka. Kwa ayala wakubwa pembe huweza kurefuka kwa sentimita 2 hivi kwa siku, kasi ambayo chakula peke yake hakiwezi kuikidhi. Mwili hukopa kalsiamu kutoka kwenye mbavu na mifupa mingine, kisha huilipa baadaye. Ndiyo maana dume anayefungiwa kwenye malisho duni bila madini huota pembe fupi, nyembamba au zilizopinda, na mlinzi mzoefu husoma hali ya malisho ya mwaka uliopita kwa kutazama pembe zilizoanguka.

Familia hii ilitokea Ulaya na Asia yapata miaka milioni 20 iliyopita. Iliingia Amerika kupitia nchi kavu iliyokuwa ikiunganisha Siberia na Alaska, ikafika hadi kusini kabisa mwa bara lile. Afrika iligusa ukingo tu: ayala wa asili aliyebaki barani kwetu ni yule wa Algeria na Tunisia. Kusini mwa Sahara hakufika, na hata angefika angekuta malisho yameshajaa swala, nyumbu na jamaa zao. Leo kuna aina 50 hivi, kuanzia pudu wa Amerika Kusini mwenye uzito wa kilo 10 hivi, hadi yule mkubwa wa Alaska anayeweza kupita kilo 600.

Milu ni ayala wa kinamasi, na mwili wake unasema hivyo waziwazi. Kwato zake ni pana na hutanuka anapokanyaga tope. Mkia ni mrefu kuliko wa ayala wote, una kishungi mwishoni, na kazi yake kubwa ni kufukuza wadudu. Matawi makuu ya pembe zake yanaelekea nyuma badala ya mbele, kinyume na jamaa zake, kiasi kwamba ukiiokota pembe iliyoanguka na kuigeuza juu chini, huweza kusimama yenyewe juu ya ncha zake. Wakati wa kupandana, mwezi wa Juni na Julai, dume hujigaragaza kwenye tope, hujikojolea, na huchomeka nyasi na majani ya majini kwenye pembe mpaka aonekane amevaa kilemba cha magugu. Wachina walimwita “asiyefanana na wanne”: ana pembe za ayala lakini si ayala, kwato za ng'ombe lakini si ng'ombe, mkia wa punda lakini si punda, na kichwa cha farasi lakini si farasi.

Uchunguzi wa DNA umefanya asili yake iwe ya kuvutia zaidi. Vinasaba vya mitokondria, vinavyorithiwa kwa mama, vinamweka karibu na ayala wa Eld wa Asia ya Kusini-Mashariki. Kromosomu zake, ambazo ni 68, na sehemu kubwa ya umbo lake vinamvuta upande wa ayala mwekundu. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba alitokana na mchanganyiko wa kale wa koo hizo mbili. Sitaki kuliingia zaidi suala hilo, ila lina matokeo ya kivitendo: milu na ayala mwekundu huzaana hata leo, na watoto wao pia huzaa. Huko New Zealand wafugaji wamewachanganya makusudi. Kwa hiyo shamba la hifadhi lenye milu halipaswi kabisa kupakana na ayala mwekundu kwa uzio mmoja dhaifu. Dume akiruka usiku mmoja tu, miaka kumi baadaye hujui tena unahifadhi nini. Liweke hilo akilini, tutalirudia kwa bongo.

Mabaki ya mifupa yanaonyesha milu alienea kwenye nyanda tambarare za mashariki mwa China, hasa bonde la chini la mto Yangtze. Kilichommaliza porini ni uwindaji, na zaidi ya hapo ni mpunga: nyanda zile zile alizozihitaji ndizo watu walizozikausha na kuzilima. Mwishowe lilibaki kundi ndani ya bustani ya kuwindia ya mfalme, kusini mwa Beijing, lililozungushiwa ukuta wa kilomita 70 hivi. Mwaka 1865 padri Mfaransa Armand David aliwachungulia juu ya ukuta huo, mwaka uliofuata akapata ngozi na kuzipeleka Paris, ambako mtaalamu wa wanyama Milne-Edwards aliwaeleza kisayansi. Baadaye balozi za Ulaya zilifaulu kupata wachache wakiwa hai, wakapelekwa kwenye bustani za wanyama za Ulaya. Katikati ya miaka ya 1890 mafuriko ya mto Yongding yalibomoa ukuta. Milu walitoka, wakaliwa na watu waliokuwa na njaa. Waliobaki walimalizwa kwenye vurugu za mwaka 1900.

Mtemi wa Bedford, Herbrand Russell, aliwakusanya wanyama waliokuwa wametawanyika kwenye bustani za Ulaya na kuwaweka pamoja kwenye shamba lake la Woburn, huko Uingereza. Walikuwa 18, na waliozaa ni 11 tu. Kila milu aliye hai leo ametokana na hao.

Sasa tuje kwenye swali lako la udugu, na hapa naomba uwe na kalamu. Wanyama 11 wasio na udugu, wakizaa wote sawasawa, wanabeba takriban asilimia 95 ya tofauti za kijeni za kundi walikotoka. Kanuni ni kuchukua 1, kisha kutoa 1 gawanya kwa mara mbili ya idadi yao, yaani 1 toa 1/22. Kumbe uchache wa waanzilishi wenyewe haupotezi sana, isipokuwa zile jeni adimu zinazobebwa na mnyama mmoja mmoja. Hasara kubwa huja baadaye, kila kizazi ambacho kundi linaendelea kuwa dogo. Na kwa wanyama ambao dume mmoja hutawala majike wengi, “dogo” ni dogo kuliko unavyodhani. Kanuni yake: zidisha idadi ya madume wanaozalisha kwa idadi ya majike wanaozaa, zidisha kwa 4, kisha gawanya kwa jumla yao. Chukua dume 1 na majike 10. Unapata 40 gawanya kwa 11, yaani 3.6. Kundi la wanyama 11 linapoteza tofauti zake kama kundi la wanyama wasiofika wanne! Hiyo ni hasara ya karibu asilimia 14 kwa kila kizazi, yaani 1 gawanya kwa mara mbili ya 3.6. Baada ya vizazi vitatu umebaki na asilimia 64. Kundi lenye wazalishaji 50 waliosawazika hupoteza asilimia 1 tu kwa kizazi, na baada ya vizazi hivyo vitatu bado lina asilimia 97.

Kwa hiyo, dawa ya kundi dogo ni kulitoa haraka kwenye udogo. Hilo ndilo Woburn ilijitahidi kulifanya, ingawa si kwa urahisi: Vita vya Kwanza vya Dunia vilileta uhaba wa chakula, na kundi lililokuwa linakaribia 90 likashuka hadi 50 hivi. Baada ya Vita vya Pili walikuwa takriban 250, na hapo ndipo walipoanza kugawanywa kwenye mashamba na bustani nyingine. Kuwagawanya huko ni hatua ambayo watu huisahau. Kundi lote likiwa shamba moja, ugonjwa mmoja unatosha kulifuta.

Lakini kwa nini hawakudhoofika? Jibu la kweli ni kwamba tofauti zao za kijeni ni ndogo mno. Madhara makali hayakuonekana, na maelezo yenye nguvu ni historia yao ndefu ndani ya ukuta. Uzazi wa ndugu hudhuru hasa kwa sababu jeni mbaya zilizojificha, ambazo mnyama akiwa na nakala moja tu hazimsumbui, hukutana mbili mbili kwa mtoto. Kundi likibanwa polepole kwa vizazi vingi, watoto wenye nakala mbili hufa wakiwa wadogo, na jeni hizo hupungua kidogo kidogo. Milu walikuwa wameshalipa sehemu ya deni hilo kabla ya kufika Ulaya. Kundi linaloporomoka ghafla kutoka maelfu hadi makumi halijalipa chochote. Bongo wa milimani, ambaye amepungua sana ndani ya miongo michache tu, yuko kwenye kundi hili la pili. Asikwambie mtu kwamba milu ni ushahidi kuwa udugu hauna madhara. Zipo aina nyingine za wanyama ambazo zilibanwa vile vile na hazipo tena wa kusimulia.

Kurudishwa China kulianza mwaka 1985, pale pale kwenye eneo la bustani ya zamani, Nanhaizi, kwa wanyama kutoka Woburn. Mwaka 1986 walipelekwa wengine 39 Dafeng, kwenye pwani ya jimbo la Jiangsu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakapelekwa Shishou, mkoani Hubei, kando ya Yangtze. Dafeng ndiyo ya kutazama kwa makini: kutoka 39 wamepita 7,000. Ukipiga hesabu ni ongezeko la karibu asilimia 15 kwa mwaka, yaani kundi linajirudufu kila miaka mitano. Na jike wa milu hubeba mimba kwa siku 280 hadi 290, huzaa ndama mmoja tu kwa mwaka, na huanza akiwa na miaka miwili au mitatu. Siri ni kwamba karibu kila ndama aliishi.

Sasa linganisha: bongo naye hubeba mimba siku 285 hivi, naye huzaa mmoja. Kwa kuzaa, wawili hawa wako sawa. Tofauti yote iko kwenye kufa.

Shishou ilileta jambo ambalo halikupangwa. Mwaka 1998 Yangtze ilifurika, uzio ukafunikwa na maji, na baadhi ya milu waliogelea wakaondoka. Walivuka mto, na wengine wakaishia kwenye mabwawa ya Dongting, mkoani Hunan, wakajitegemea na kuzaa. Mwaka huo huo Dafeng waliwaachia wengine wachache nje ya uzio, kwa mpango. Wale waliosombwa na maji walifundisha mengi kuliko ripoti nyingi: milu waliolelewa ndani kwa vizazi na vizazi bado walijua kuogelea, kuchagua matete, na kukwepa watu.

Pamoja na hayo, orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, imeendelea kumweka kwenye daraja la waliotoweka porini, ingawa China pekee wako zaidi ya 10,000. Wengi bado wako ndani ya uzio au pembezoni mwake na wanategemea majani ya kuletewa wakati wa baridi. Msongamano una gharama zake. Malisho hukanyagwa yakabaki tope tupu, minyoo huongezeka, na kupe wanaowarundikia wanyama walioishiwa nguvu mwishoni mwa baridi wanaweza kuwaua. Halafu kuna ugonjwa ambao Wamasai wanaujua vizuri kuliko daktari yeyote wa mifugo wa Ulaya: ule wa virusi ambao nyumbu huubeba bila kuumwa, unaoua ng'ombe wakati nyumbu wanapozaa, na unaowafanya wafugaji wahamishe mifugo yao mbali na mbuga msimu huo. Kondoo wana virusi vya jamii hiyo hiyo, nao hawaumwi. Milu ni miongoni mwa wanyama wanaoathirika vibaya mno. Homa, macho na pua kutoa uchafu, kuhara, kisha kifo. Chanjo ya kuwakinga hakuna, tiba ya uhakika hakuna. Kinachobaki ni kutochunga kondoo karibu nao, na wahudumu kutotoka zizi la kondoo wakaingia kwa milu na viatu vile vile.

Kuhamisha wanyama wenyewe nako kuna mitego yake. Ayala akikimbizwa kwa muda mrefu misuli yake huanza kuvunjika, joto la mwili hupanda, mkojo hugeuka rangi ya kahawa, na anaweza kufa siku kadhaa baadaye wakati kila mtu ameshapongezana. Kwa hiyo kazi hufanywa alfajiri au siku ya baridi, mbio huwa fupi, mnyama hufunikwa macho mara anapolala, na kipimo cha joto huingizwa mapema. Likifika nyuzi 41 mnyama humwagiwa maji, na likiendelea kupanda anapewa dawa ya kumwamsha, kazi inaahirishwa. Dume asihamishwe pembe zikiwa bado na ngozi, kwa sababu zikigonga sanduku zinavunjika na kutoka damu nyingi. Pembe iliyokomaa haina uhai, unaweza kuikata kwa msumeno sentimita chache juu ya shina bila maumivu, na ni lazima ikatwe kabla ya safari. Karantini isipungue siku 30, na kipimo cha kifua kikuu cha ng'ombe kifanyike humo, maana ayala hukipata na kukibeba kimya kimya.

Sasa bongo. Wapo mamia kwenye bustani za wanyama za nje, wengi wakiwa uzao wa waliokamatwa Kenya kwenye miaka ya 1960 na 1970. Mwaka 2004 wanyama 18 waliletwa kutoka Marekani hadi kwenye hifadhi ya Mlima Kenya, na uzao wao ndio umeanza kuzoezwa msituni. Namba ni ile ile 18, sadfa tu. Kwa jeni, hali ya bongo ni nzuri kuliko ya milu, kwa sababu kuna hazina mbili: waliobaki msituni na walioko nje. Tatizo ni pale msituni. Tuseme kikundi kimoja kina wanyama 25, na kati yao madume wawili na majike 10 ndio wanaozaa. Kwa kanuni yetu ya juu unapata 6.7, yaani hasara ya asilimia 7.5 kila kizazi. Kuna faraja moja ndogo. Vikundi vinne vilivyotengana havipotezi jeni zile zile, kwa hiyo ukihamisha mnyama mmoja au wawili kila kizazi kutoka kikundi hadi kikundi, na wakazaa kweli, unazuia sehemu kubwa ya hasara hiyo. Kuzaa ndiyo sharti. Dume aliyeletwa akafukuzwa na mwenyeji hahesabiki.

Vikwazo vyake navyo ni tofauti na vya milu. Msituni kuna chui na fisi wanaotafuta ndama, na kuna waya wa majangili unaowekwa kwa ajili ya paa lakini haumchagui anayepita. Kuna kupe pia: mnyama aliyezaliwa Florida hana kinga ya ndigana wala magonjwa mengine ya kupe wa nyanda za juu, na ukimwachia siku ya kwanza kwenye majani yenye kupe unamuua kwa mikono yako. Huanzwa kwenye eneo dogo linalodhibitiwa, hupimwa damu mara kwa mara, na mara nyingi ni watoto waliozaliwa hapa hapa, wakakutana na kupe wakiwa wadogo, ndio wanaofaa kuachiwa. Na lile la ayala mwekundu linarudi hapa: nchi za magharibi na kati ya Afrika zina bongo wa tambarare, ambao hawapaswi kuchanganywa na hawa wa milimani. Kila mnyama anayeletwa lazima kitabu chake cha ukoo kionyeshe wazazi wake hadi wale waliokamatwa Kenya, na DNA ithibitishe.

Ukisikia tena kwamba bongo wapya wamewasili, usiulize wamekuja wangapi. Uliza ndama wangapi kati ya waliozaliwa mwaka juzi bado wako hai, na madume wangapi tofauti ndio waliowazaa.